Nimetaka Baiskeli, Nimepewa Ushauri

Hapa Mtoni kwa Azizi Ali, ukitangaza kwamba unanunua kiwanja watu watakuombea dua. Ukitangaza gari, utapata wa kukusindikiza mpaka bandarini na wa kukukumbusha sadaka. Sasa jaribu kutangaza baiskeli. Jirani wa kulia aliniuliza kwa sauti ya chini kama kazini kuna tatizo. Wa kushoto hakuniuliza kitu. Alimwambia mkewe, mkewe akamwambia mke wangu, na niliporudi jioni nikakuta kikao kimeshafunguliwa na ajenda ni mimi.

"Baba, kama ni madeni si useme tu," mama watoto akaanza.

Siyo madeni. Ni sukari, na hata hiyo sijaipata bado. Daktari alisema iko njiani inakuja, akakitazama kitambi changu kama konda anavyomtazama abiria mwenye kiroba. Akanisomea kipimo cha Shirika la Afya Duniani: mtu mzima afanye mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki, yale ya kukutoa jasho huku bado una pumzi ya kuongea. Pumzi ya kuongea ninayo, hilo hata yeye alikubali.

Nikapiga hesabu. Kazi yangu iko Posta. Kutoka hapa hazifiki kilomita kumi, na mpanda baiskeli asiye na haraka anazimaliza bila kufikisha saa. Kwenda na kurudi, deni la Shirika la Afya linalipwa kabla wiki haijafika katikati na chenji inabaki. Nauli nayo ni habari nyingine: Desemba 2023 safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600, foleni ikabaki ileile. Kwa mtu mwenye akili timamu, hoja imeishia hapo.

Tatizo naishi na watu.

"Si ujiunge na jogingi?" shemeji akashauri. Wasioijua Temeke waambiwe: alfajiri za mwisho wa wiki huku kwetu vikundi vya jogingi vinapita barabarani na fulana za sare, filimbi na nyimbo, na usingizi wako si kitu kwao. Ni jambo zuri, silitanii. Ila nimewahi kuwafuatilia mpaka wanapomalizia, na wanamalizia kwenye supu. Makongoro, chapati mbili, soda ya baridi, kisha kikao cha kuchanga fulana mpya. Mafuta yaliyotoka Mtongani yanarudishwa mwilini kabla jua halijawa kali. Nikamwambia shemeji nitafikiria.

Basi nikaingia kwenye ushauri wa baiskeli wenyewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba nchi hii haina upungufu wa wataalamu. Pale kijiweni kwenye kahawa kila mtu ana neno. Mmoja anasema chukua yenye shokapu mbele na nyuma, barabara zetu mbovu. Mwingine anasema chukua Phoenix, itakuzika wewe na itarithiwa. Wa tatu ananisikitikia: kwa hela hiyohiyo ongezea kidogo ulipie kianzio cha pikipiki ya mkopo. Nikawauliza nani kati yao anaendesha baiskeli. Kimya. Mmoja aliendesha Iringa, akiwa darasa la sita.

Labda tusiwalaumu sana. Mtaa wenyewe umebeba jina la Mzee Aziz Ali, mkandarasi wa enzi za mkoloni, na mwanawe Dossa Aziz, mmoja wa watu waliokuwa na Nyerere TANU inapoanza, anakumbukwa mpaka leo kwa gari alilokipa chama. Mahali palipoingia kwenye historia kwa gari, mwenye baiskeli ataanzia wapi kudai heshima?

Wanaoendesha kweli wapo, tena wanatupita kila siku, ila hawana muda wa kushauri mtu. Yupo mnoa visu, ambaye baiskeli yake akiitegesha kwenye stendi inageuka kiwanda. Wapo wachuuzi wa samaki wanaotoka Feri na tenga nyuma, maji ya barafu yakidondoka njia nzima. Na wapo wauza mkaa wanaoingia mjini kwa Barabara ya Kilwa kutokea huko Mkuranga. Mmoja nilimkuta amepumzika kivulini karibu na daraja. Nikaizunguka baiskeli yake kwa makini. Ni ile nyeusi ya chuma, keria imeondolewa na kuchomelewa nyingine ya nondo, magunia matatu yamefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu, na chini ya usukani kuna mti umefungwa kuzuia fremu isipinde. Breki sikuziona. Nikamuuliza anasimamaje. Akainua mguu akanionyesha kandambili: soli ya kushoto imeliwa katikati, imebaki nyembamba kama karatasi, maana ndiyo anayoikandamiza kwenye tairi la mbele akishuka mteremko.

"Mzee, hii unataka ya kazi?"

"Ya mazoezi, na kwendea ofisini."

Akanitazama kwa huruma. "Basi hii siyo."

Huo ndio ushauri pekee wa maana niliopata wiki ile, na ulitoka kwa mtu aliyekuwa anahema.

Nikaenda Kariakoo. Pale dukani baiskeli zimepangwa mbele zinang'aa, stika mpaka kwenye rimu, kila moja imeandikwa neno la kishujaa. Muuzaji, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, akanipokea: "Karibu bosi wangu, hii ndiyo inatoka sana. Gia 21, shokapu mbili, breki za diski." Nikaomba kuinyanyua. Jamani. Nilidhani imefungiwa sakafuni.

Hapa nataka niseme nao wauza shokapu, kwa sababu wametuonea vya kutosha. Shokapu nzuri ya baiskeli ipo duniani, na peke yake inaweza kuwa na bei ya baiskeli nzima. Hiyo ya kwenye baiskeli ya laki mbili na nusu ni springi na mabomba mawili yamepakwa grisi. Kazi yake ya kwanza ni kuongeza uzito. Kazi yake ya pili ni kula nguvu zako: kila ukikandamiza pedeli, badala ya baiskeli kwenda mbele, wewe na springi mnabonyea pamoja. Ya nyuma ndiyo mbaya zaidi, kwani fremu inabidi ikatwe na kuungwa kwa bolti, na bolti zikishachakaa mkia unacheza. Barabara ya Kilwa ni ya lami. Ninashindana na maroli ya makontena, sirukii mawe Uluguru.

Na hizo gia 21. Ni gia tatu za mbele mara saba za nyuma, na nyingi zinarudiana: gia ya kati ya mbele na ndogo ya nyuma inakupa karibu mwendo uleule wa kubwa ya mbele na ya kati ya nyuma. Dar si Lushoto. Saba tu za nyuma zinatosha kwa kilima chochote kati ya Mtoni na Posta, na kila gia ya ziada ni waya wa ziada wa kukatika. Nilipomwambia hivyo kijana akaniona mkorofi.

"Bosi, sasa wewe unataka ipi?"

Ninayoitaka huko Ulaya inaitwa haibridi. Haina usukani uliopinda wa mbio wala matairi manene ya mlimani, imekaa katikati. Usukani ulionyooka, unakaa mgongo wima kiasi, unaona ng'ombe na Noah kwa mbali. Tairi la upana wa sentimita tatu na nusu hadi nne, laini, linalotembea kwenye lami bila kuvuma lakini halizami kwenye mchanga wa vichochoro vyetu. Uma wa mbele ni chuma kitupu, hakuna springi. Ina matundu ya bolti za kufungia keria na matigadi. Basi. Ni baiskeli ya mwalimu.

Mpya yenye jina haipungui milioni ikishafika hapa, na mimi na milioni hatujaonana tangu Januari. Kwa hiyo nikageukia mtumba.

Kwenye uwanja wa mtumba baiskeli zimelaliana, pedeli ya hii imeingia kwenye spoku za ile, na mwenye mali amekaa juu ya tairi anakula miogo ya kukaanga. Nyingi ni za kutoka Japani, zile za akina mama na watoto wa shule: kikapu mbele, taa ya dainamo, kufuli la pete kwenye gurudumu la nyuma, fremu imeinama katikati ili mwenye sketi apande kwa staha. Nikajaribu moja. Ilikuwa tamu kuliko zote nilizozipanda. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akamwambia mwenzake, "Mwone baba wa watu kwenye baiskeli ya kike," na biashara ikaishia hapo. Sijivunii, ila nami nina mtaa wa kurudi.

Pembeni nikaiona haibridi yenyewe. Rangi ya kijivu, fremu ya aluminiamu, nyepesi naiinua kwa mkono mmoja. Laki tatu na nusu, ikashuka mpaka tatu kasoro kidogo. Kabla sijatoa hela nikampigia simu fundi wetu wa pale kona, anayeziba pancha chini ya mwembe, mwenye karai la maji na pampu ya kukanyaga. Mtu huyu hajawahi kunishauri jambo, ndiyo maana namwamini.

Hakuuliza kampuni, hakuuliza rangi. "Mzee, inavaa tairi gani?"

"Ishirini na nane."

"Ishirini na nane ipi?"

Nikakasirika. Ishirini na nane ni ishirini na nane. Akaniambia niache hela nirudi nyumbani, kuna kitu anataka kunionyesha.

Nilipofika alikuwa ameyaweka matairi mawili juu ya benchi. La kwanza la Phoenix, limeandikwa 28. La pili la baiskeli ya kizungu, nalo 28. "Pima," akasema. Tukayalaza moja juu ya jingine, na mimi mwenye digrii nikatazama moja likilipita jenzake. Akageuza ubavuni, kwenye maandishi madogo yaliyojaa vumbi, akayafuta kwa dole gumba lenye solusheni. Moja limeandikwa 40-635, la pili 40-622. Namba ya pili ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu. Milimita 13 za tofauti. "Hili haliingii kwenye rimu ile hata uisomee albadiri," akasema.

Na siyo 28 tu. 26 ya mlimani ni 559, wakati 26 ya mama wa Kijapani ni 590. Dukani zote zinaitwa 26, na ukilinunua lisilo lenyewe hakuna wa kulipokea likirudi. Hata kujaza upepo kuna ubaguzi: tyubu za mlimani zina valvu kama ya gari, unajaza popote penye kompresa; za Phoenix na za Japani zina valvu ya zamani; na za mbio za kizungu zina kivalvu chembamba ambacho pampu ya fundi inakiangalia tu.

"Sasa hiyo ya kijivu, tairi lake hapa unalo?"

"La kuuza sina."

"Mtongani?"

"Hana mtu. Labda Kariakoo, ukimpata mwenye mzigo. Na pancha, mzee, haikusubiri uwe Kariakoo." Akainama kuendelea na kiraka chake. "Usinunue baiskeli. Nunua tairi, halafu tafuta baiskeli inayolivaa."

Mimi nasema wizara husika ingeyachukua maneno hayo iyabandike kwenye kila duka. Tunadanganyana kuhusu fremu na gia, wakati siri ya usafiri mjini ni kitu unachoweza kukinunua Jumapili saa moja usiku kwa mtu unayemfahamu kwa sura.

Kwa hiyo niliyoichukua ni hii. Ni baiskeli ya mlimani ya zamani, ya wakati shokapu bado hazijawa ugonjwa, uma wa mbele mzima wa chuma, gurudumu 26 la 559 ambalo tairi lake liko kila kona kutoka Mbagala mpaka Gerezani. Fundi alikuja mwenyewe kuikagua. Akaitazama chini ya usukani na pale mabomba yanapokutana, akitafuta ufa au rangi mpya iliyofichwa juu ya kulehemu. Akashika pedeli zote mbili akazitikisa kulia na kushoto kusikiliza beringi. Akaninyanyulia gurudumu la nyuma akalizungusha huku ameweka kidole karibu na breki, kuona kama rimu inayumba. Rimu ni za aluminiamu, na hilo alilisisitiza: rimu za chuma zikilowa mvua ya masika breki zinateleza tu, unafika Mgulani ulipokusudia kusimama Sabasaba. Kisha akaniambia nisimame nimeiweka katikati ya miguu. Bomba la juu lisiguse mahali ambapo mtu mzima hataki paguswe. Nikakaa, kisigino juu ya pedeli ya chini, mguu ukanyooka. Hiyo ndiyo saizi yako, akasema, na yule muuzaji aliyekuwa ananiambia "siti inashuka, mzee" akanyamaza.

Tairi za kashata kubwa tukazivua, tukavisha laini za barabarani, nyembamba kidogo. Keria, matigadi, stendi, kengele na taa mbili, vyote vikaingia kwenye bajeti ya haibridi ya kijivu na kubaki hela ya kufuli. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaitambua baiskeli kama chombo cha barabarani, kwa hiyo nina haki zangu kushoto mwa lami. Kuna madereva wa Eicher ambao inaelekea sheria hiyo haijawafikia.

Mazoezi yanaenda. Jasho nalo linaenda, moja kwa moja mpaka kwenye kikao cha saa tatu, kwa sababu jengo letu lina maegesho ya magari chini na bwawa la samaki wa mapambo mlangoni, ila bomba la kuoga mfanyakazi halimo. Mlinzi wa getini ndiye aliyenipa mtihani mkubwa kuliko kilima chochote. "Mzee, huku baiskeli haziegeshwi." Nikamuuliza ziegeshwe wapi. Akafikiri. "Wageni wa baiskeli hatujawahi kuwapata." Mimi nina miaka mingi pale. Baiskeli ikanifanya mgeni. Siku hizi naibeba ghorofa ya kwanza na kuifunga kwenye reli ya ngazi za nyuma, mazoezi ya mabega yakiwa nyongeza.

Lakini kinachonitia hasira kweli ni njia. Dar es Salaam mwaka 2018 ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata, kwa mwendokasi ya Kimara iliyoanza Mei 2016 pamoja na njia za miguu na baiskeli pembeni yake. Nasi huku kusini tukajengewa awamu ya pili, kilomita 20.3, zege safi katikati, na pembeni nafasi ya sisi wa miguu na magurudumu mawili. Nafasi hiyo ukiipita asubuhi utakutana na meza ya chipsi, friji la maji, bodaboda wanaokuja uso kwa uso wakikupigia honi utoke kwenye njia yako, fundi cherehani, masofa yanayoanikwa, na mbuzi. Mama wa chipsi simlaumu, anatafuta riziki na anasogeza benchi akiniona. Mbuzi hana anachokijua.

Wewe mwenye Noah nyeupe, unayepanda juu ya njia ya baiskeli karibu na Sabasaba kila asubuhi na kuwasha taa za hazadi ukidhani zimekuhalalishia maegesho: nyuma yako kuna mita kama mia mbili za bega la barabara tupu. Isogeze.